Jina Moja Chini ya Mwamuzi

Hapo zamani, na nikisema zamani sisemi zamani ya majini na wafalme, nasema zamani ya juzijuzi tu, ambapo bibi zenu walikuwa wasichana na wanaikumbuka vizuri ila hawapendi kuulizwa, palikuwa na mji wa pwani ukiitwa Chondwe. Mimi mtu wa Chondwe. Nawaambia mapema ili asije mtu akanishika baadaye akasema naupendelea mji wangu. Naupendelea, tena sana. Haya, kaeni vizuri, na wewe uliyeegemea mlango, ingia au toka.

Chondwe ulikuwa mji mdogo wenye maringo makubwa, na maringo yake yalikuwa na sababu. Sababu yenyewe ni kitabu. Kadhi wa kwanza wa mji alikiandika kwa mkono wake, kwa kalamu ya tete na wino wa masizi na gundi, sheria tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Wala hazikuwa sheria za mbali. Humo mlikuwa na hukumu ya mnazi ulioinamia uani kwa jirani, nazi zake ni za nani. Mlikuwa na hukumu ya kisima kilichoporomoka, nani achimbue. Mlikuwa na hukumu ya mbuzi wa mahari aliyekufa siku ileile ya harusi. Watu hawakukiita kitabu, walikiita Mwamuzi, kama mtu. Wakigombana wawili hawakupigiana kelele njiani, walisema twende kwa Mwamuzi. Mwamuzi anafunguliwa, anasomwa, aliyeshindwa anatikisa kichwa anakwenda zake, yamekwisha. Miji mingine ilikuwa na askari na pingu. Sisi tulikuwa na Mwamuzi.

Sasa sikilizeni desturi yetu moja, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Mwamuzi hakuwa na jalada. Aliachwa mafungu mafungu ya karatasi, makusudi, ili wanafunzi wengi wamsome kwa pamoja. Mwanafunzi anachukua fungu lake, analifunga kwa kitambaa, analisoma kwao, akimaliza anarudisha na kuchukua jingine. Desturi nzuri hiyo, mradi kadhi yu hai. Kadhi wetu wa mwisho alikufa ghafla, akiwa ameinama anavaa viatu, na siku hiyo Mwamuzi alikuwa ametawanyika mji mzima. Nani arudishe, na amrudishie nani? Kila mtu alikaa na fungu lake akajiona mrithi.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa kwanza, Famau, fundi wa ngozi. Famau alikuwa anatengeneza viatu, mikanda na ala za visu, na hakuna aliyemfikia kwa kazi. Lakini Chondwe, pamoja na sifa zake zote, iliwadharau watu wa ngozi. Walivaa viatu vyake na hawakumwalika karamuni. Hilo nalo nalisema, sifichi. Basi Famau alipoona Mwamuzi anapotea alisema hii ni aibu, na kama wasomi wameshindwa kuiondoa ataiondoa yeye. Akapita nyumba kwa nyumba. Wengine walimpa, wengine walimfukuza, akarudi tena. Mama mmoja alikuwa amelaza mtoto mchanga juu ya fungu lake, liwe kinga, akakataa kata kata kulitoa. Famau akamshonea mtoto viatu vidogo vya ngozi laini, ndipo akapewa. Muuza ugoro mmoja alikuwa tayari amelileta fungu lake dukani alichane afungie bidhaa. Famau alifika mkono wa mtu yule umeshashika karatasi, wakavutana, akashinda.

Alipokusanya yote akayapanga. Chini ya kila ukurasa, kadhi wa kwanza alikuwa ameandika neno linaloanza ukurasa unaofuata, basi Famau akafuata maneno hayo mpaka Mwamuzi akasimama sawasawa. Akamshona kwa uzi wa nta. Halafu akatoa ngozi yake ya mbuzi, nyekundu, laini, aliyoiweka miaka kwa ajili ya viatu vyake vya harusi, akamvika Mwamuzi. Siku ya harusi fundi huyo wa viatu alioa kwa viatu vya kuazima. Cheka tu, na yeye mwenyewe alicheka.

Mtu wa pili ni Bi Somoe, binti wa yule kadhi wa mwisho, mtoto wake wa pekee. Mwamuzi alipovikwa jalada watu walisema akae nyumbani kwa kadhi, na nyumba ile ilikuwa imebaki na Somoe peke yake. Akamtunza mno. Alimweka katika sanduku la kafuri. Kila kaskazi ilipovuma alimtoa uani kivulini apigwe na upepo, akimfunua ukurasa kwa ukurasa. Alibadilisha majani ya mwarobaini, alimfukiza udi, na hakumwazima mtu tena. Atakaye kusoma na aje, tena anawe mikono kwanza. Alikuja tajiri mmoja kumposa, mtu mzuri, mpole, ila akataka mke ahamie kwao pamoja na kitabu. Somoe akamjibu kwamba yeye angehama, lakini Mwamuzi hahami Chondwe. Posa ikaishia hapo, na Somoe hakuolewa wala hakupata mtoto.

Sasa nawaambieni kosa ambalo mtu wa Chondwe tu ndiye angelifanya. Siku moja mtoto wa jirani yake Somoe alishikwa na degedege. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya maji na maji yamejaa. Mwalimu aliyekuwa akiandika kombe, yale maandishi ya dua yanayooshwa mgonjwa akanywa, alikuwa safarini. Mama wa mtoto analia, mtoto macho yamepinduka. Somoe akasimama katikati ya chumba akafikiri: maandishi ni maandishi, na Mwamuzi ameanza kwa jina la Mungu. Akamfungua Mwamuzi. Akaweka bakuli chini, akamimina maji na marashi juu ya ukurasa mmoja, akausugua kwa kiganja mpaka wino wote ukateremka bakulini. Akamnywesha mtoto. Mungu ndiye mponyaji, mtoto akapona. Na ukurasa ukabaki mtupu, mweupe, kama haujawahi kuguswa na kalamu. Ulikuwa ukurasa wa mnazi na jirani.

Mji uligawanyika. Wengine walisema Somoe ameokoa roho, wengine walisema ameua sheria. Somoe mwenyewe aliniambia, nikiwa binti, kwamba alilia kwa ajili ya ukurasa ule kama mtu aliyefiwa, na kwamba siku nyingine kama ile angeuosha tena.

Mtoto yule ndiye mtu wetu wa tatu. Jina lake Lali, ila watoto wenzake hawakumwita Lali. Walimwita Ukurasa. Ukurasa njoo, Ukurasa tusomee tumbo lako. Nazi ikidondoka kwa jirani wanakwenda kumgongea yeye atoe hukumu. Alikua na jina hilo, lilimuuma, akaamua kulimaliza. Alisoma mpaka akawa mwalimu wa chuo chetu cha watoto, kisha akaanza kuutafuta ukurasa wake vichwani mwa watu. Aliyeshinda kesi ya mnazi alikumbuka mstari mmoja. Aliyeshindwa alikumbuka zaidi, kwa uchungu. Wazee waliosomeshwa ukurasa ule kwa fimbo walikuwa nao bado. Lali akayaunganisha maneno yote. Akajifunza mwandiko wa kadhi wa kwanza mpaka mkono wake ukawa ule ule. Akapika wino wa masizi na gundi. Akaomba ruhusa kwa Bi Somoe, akaandika. Alianza na neno lililotajwa chini ya ukurasa uliotangulia, na alipofika mstari wa mwisho maneno yalijaa sawasawa, bila neno kuzidi wala kupungua, yakaungana na ukurasa uliofuata. Bi Somoe alipouona alimshika Lali kichwani kwa mikono miwili.

Basi miaka ikaenda. Ikaja masika moja mbaya, chuo chetu kikaanguka, paa na kuta. Watoto wakawa wanasoma uani, mvua ikija wanakimbia. Mji mwingine ungepitisha bakuli kwa majirani. Chondwe haiombi. Wazee wa chuo wakakaa, wakasema kwa sauti ya chini, maana ilikuwa vigumu kulitamka, kwamba tunacho kitu kimoja tu cha thamani. Wakapeleka habari kwenye nyumba kubwa ya kuhifadhi vitabu huko mji mkubwa, na ile nyumba ikamtuma Bi Nekesa, mwanamke mtulivu, mrefu, ambaye kazi yake ilikuwa kununua vitabu vya kale na kupima hali zao.

Siku hiyo Chondwe nzima ilivaa. Msicheke. Mwamuzi aliletwa barazani kwa Bi Somoe, na sisi tukazunguka kama ndugu wa bibi harusi wanaosubiri kuambiwa mahari. Bi Nekesa akanawa mikono, akaikausha vizuri. Akamlaza Mwamuzi juu ya mto ili asifunguliwe kupita kiasi. Akatazama mgongo, akavuta uzi kwa ncha ya kidole, akasema mshono huu ni imara kuliko mingi aliyoiona. Famau, mzee sasa, akajinyoosha pale alipokaa. Bi Nekesa akanusa karatasi, akasema hakuna ukungu, kitabu hiki kimepigwa upepo kwa miaka mingi na mtu anayejua. Bi Somoe akatazama pembeni, lakini tuliona alivyofurahi. Bi Nekesa akasema kuna matundu machache ya wadudu, na watu wakanung'unika, utadhani katukanwa mama yao.

Halafu akapitisha kidole kwenye ukingo wa kurasa, akasimama. Akasema kitabu hiki zamani kilikuwa kipana zaidi. Pembeni palikuwa na maelezo ya makadhi waliofuata, na maelezo hayo yamekatwa, mikia ya herufi bado inaonekana. Akauliza nani amekata.

"Mimi," akasema Famau. "Ngozi yangu ilikuwa fupi kwa upana. Ama niunge ngozi, ama nipunguze karatasi. Kitabu cha Chondwe nikitie kiraka?"

Bi Nekesa akainamia karatasi yake. Aliandika. Sisi wengi hatukuwa tunajua habari hiyo, tukatazamana. Makadhi wote waliomfuata yule wa kwanza, maneno yao yalifagiwa sakafuni kwa fundi pamoja na vipande vya ngozi.

Akaendelea. Alipofika ukurasa wa mnazi na jirani aliuinua kwenye mwanga, akauona umekunjamana kidogo, kama ulilowa siku moja. Akautazama sana mwandiko. Akafungua mwingine, akalinganisha. Sisi tukamtazama Lali, kwa sababu wazee wa chuo walikuwa wamekwisha kumwambia Lali anyamaze. Mnunuzi akiuliza ajibiwe, asipouliza maneno ni yaleyale ya kadhi, kosa liko wapi? Na Lali alikuwa amekubali. Bi Nekesa akaufunika ukurasa, akasema kitabu kimetimia, hakuna kilichopungua ndani ya maandishi, naye ataandika hivyo. Akataja bei. Ilikuwa bei ya kujenga chuo kwa mawe, kuta na paa, pamoja na kisima.

Tukiwa bado tunaisikia bei ile masikioni, Lali akasimama.

"Ukurasa ule ni wangu," akasema. "Nimeuandika mimi. Wa kadhi niliunywa nikiwa mtoto."

Ikabidi aeleze, na Bi Somoe akaeleza, kwa sababu hakutaka mtoto yule abebeshwe jambo lake. Bi Nekesa akaufunua tena ukurasa ule. Kisha akasema kwamba amepima vitabu maisha yake yote na ukurasa ule ulimpita, na hilo linamuumiza. Akamwambia Lali kwamba kwa sababu yeye amesema, sasa anaamini kila kitu kingine alichoambiwa barazani pale. Lakini hali ya kitabu lazima ishuke, ataandika kweli, na bei lazima ishuke nayo. Ikashuka. Ilitosha paa la bati na kuta za udongo, kisima hapana. Wazee wa chuo walimtazama Lali kwa macho ambayo sitaki kuyaeleza mbele ya watoto.

Tukakubali. Mkono ukapewa mkono, Mwamuzi akafungwa kwa kitambaa cheupe, akawekwa ndani ya sanduku la Bi Nekesa. Fedha hazikugombewa na mtu hata mmoja, zilikuwa za chuo. Ugomvi ulianza na jambo jingine.

Bi Nekesa akasema Mwamuzi atawekwa ndani ya kioo, watu wa nchi nzima waje wamwone. Na chini ya kioo patakuwa na bamba dogo la shaba, limeandikwa: Kimetufikia kwa mkono wa. Halafu jina. Bamba ni dogo, jina ni moja. Ndiyo desturi ya nyumba ile tangu ijengwe, na yeye hana ruhusa ya kuivunja. Akatoa kalamu, akauliza aandike nani.

Famau ndiye aliyetangulia.

"Andika Famau. Bila mimi leo ungekuja kununua nini? Ungenunua ugoro uliofungwa kwa sheria. Wasomi walikaa na mafungu yao, nikayatoa mikononi mwao moja moja. Nilikata pembeni, kweli, ili nisipoteze katikati. Na nakwambia jingine. Katika mji huu jina la mtu wa ngozi halijapata kuandikwa mahali popote. Viatu nimewavisha wote hawa. Liandike."

Wengi wetu tuliinamisha vichwa tukatazama miguu yetu, na miguu ilikuwa na viatu vyake.

Bi Somoe akasubiri amalize, maana alilelewa vizuri.

"Andika Somoe binti Kadhi," akasema. "Bila mimi kile alichokishona Fundi Famau kingeliwa na mchwa mwaka uleule. Yeye alifanya kazi ya msimu mmoja. Mimi nimefanya kazi ya umri. Niliacha mume kwa ajili ya kitabu hiki. Ukurasa mmoja niliutoa, nikapata mtu, na mtu huyo mnamwona amesimama hapa. Sina mtoto wa kuniita. Nikifa nyumba ya kadhi imekwisha. Jina likikaa pale chini ya kioo halikwishi."

Akaikunja mikono mapajani.

Lali hakutaka kusema mbele ya mama huyo. Tulijua, alionekana. Lakini akasema.

"Mama, nisamehe. Andika Lali. Bila mimi kitabu hiki kina tundu katikati, na hakuna mwingine aliyeweza kuliziba. Na bila mimi kingekwenda kule kikiwa na uongo ndani yake, tena uongo wa Chondwe. Kweli nilikubali kunyamaza, kisha nikashindwa. Chuo kitakuwa cha udongo kwa sababu yangu, na mimi ndiye nitakayefundisha humo. Maisha yangu yote nimeitwa Ukurasa kwa dhihaka. Nataka mara moja niandikwe kwa jina langu, mahali ambapo mtu akilisoma hacheki."

Hapo wakaanza kujibizana. Famau akamwambia Somoe kwamba yeye alipunguza pembeni tu, kilichooshwa kilikuwa hukumu yenyewe. Somoe akamjibu kwamba ukurasa wake umerudi, je, maelezo ya makadhi, baba yake akiwemo, yatarudishwa na nani? Famau akamgeukia Lali, akasema mtu hawezi kusifiwa kwa kukiri uongo alioutengeneza mwenyewe. Lali akasema ukurasa ule haukuandikwa uwe uongo, uliandikwa uwe shukrani, ni ukimya ndio ulioufanya uongo, na ukimya huo mji mzima ulikuwemo. Hilo lilituingia.

Mzee mmoja wa chuo, mtu wa kupenda amani, akasema basi liandikwe jina la mji, Watu wa Chondwe, kila mtu atosheke. Mnaona mnavyotikisa vichwa kwa kukubali, ndivyo nasi tulivyotikisa. Lakini wale watatu, ambao walikuwa hawajakubaliana hata kwa neno moja, walikataa kwa pamoja. Bi Somoe ndiye aliyewasemea. Akauliza watu wa Chondwe ndio nani? Waliokaa na mafungu majumbani? Waliomcheka mtoto njiani? Waliomwambia anyamaze? Mzee akaketi.

Bi Nekesa akangoja na kalamu yake. Sisi tukafanya tulivyofanya siku zote. Mtu mmoja akasema twende kwa Mwamuzi, na wengine wakaitikia, twende kwa Mwamuzi, na Bi Somoe akanyoosha mkono kumchukua, kama alivyomchukua kwa kila ugomvi wa mji ule maisha yake yote. Mkono ukafika kwenye sanduku la Bi Nekesa, ukasimama. Kitabu hakikuwa chetu tena. Akaurudisha mkono mapajani pake, na kwa mara ya kwanza tangu Chondwe ijengwe, tukakaa na kesi mbele yetu na hatuna wa kutuamulia.

Bi Nekesa bado ameshika kalamu, jamani. Famau anamtazama, Somoe anamtazama, Lali anatazama chini. Nyinyi si watu wa Chondwe, hamna ndugu pale, hamna haya na mtu. Haya, semeni mmoja, msiniletee wawili: pale kwenye bamba, aandikwe nani?